Kanuni ya Minazi Uliyoifuta Mwenyewe

Msambweni,
Ijumaa, baada ya arubaini yako

Shikamoo, Mjomba.

Nimeandika shikamoo, kisha kama mjinga nikangoja uitikie. Ulikuwa na marahaba ndefu ya kuvuta, hata aliyekuwa na haraka zake ilimbidi asimame mpaka uimalize. Sasa nawasalimia wazee wengine, wananiitikia kwa mkato, nami naondoka nimenuna kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Kanuni imepita. Nakuambia mapema kwa sababu nakujua, ungeisoma barua hii kuanzia mwisho. Imepita Jumanne, barazani kule Kwale, na mikono ilihesabiwa mara mbili kwa kuwa mwenyekiti hakuyaamini macho yake mara ya kwanza. Kila gogo la mnazi uliokufa litakatwa, litapasuliwa na kuchomwa moto, kuanzia Tiwi mpaka huku kwetu. Palipokuwa na gogo patapandwa mche, na mche huo utakuwa mali ya yule yule aliyekuwa na mnazi, ardhi iwe ya nani iwe. Hawakupunguza neno. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma. Katibu alipokuwa akisoma, midomo yangu ilikuwa ikienda pamoja naye, maana yale maneno niliyaandika mimi kwa mkono wangu, wewe ukiyatamka huku unakaza mnyororo wa baiskeli ya mtu.

Uliondoka katikati ya mambo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba aliyefanya kazi yote hakukaa akaona ilivyoishia. Basi nikueleze, na mengine unayajua lakini utanivumilia, mwalimu hawezi kueleza jambo bila kuanza mwanzo.

Unakumbuka baraza lilipoanza? Bendera ilikuwa bado haijapauka kwa jua, madiwani wote wapya, nawe mmoja wao, kila mmoja na koti lake la kuazima. Jambo la kwanza katika orodha ya mambo ya kuamuliwa lilikuwa viti vya ukumbi. Viti vya kuegemea, vyenye mito! La pili lilikuwa soko. Lambo la maji ya ng'ombe wa kule Samburu, nyika ya Kwale yetu, lilikuwa la tano, na minazi ya saba, chini ya rangi ya lango. Siku hiyo ulirudi nyumbani na hasira mpaka ukasahau kuvua vibanio vya suruali, ukala wali navyo.

Nasi huku minazi ilikuwa inakufa imesimama. Wewe ndiye uliyetufahamisha ni nini. Ulimleta chonga darasani kwangu ndani ya kopo la samli, dude jeusi lenye pembe puani, ukalipitisha dawati kwa dawati, na wanafunzi wangu hawakusoma hesabu tena siku ile. Uliwaambia huyu anatoboa moyo wa mnazi, maji yanaingia kwenye tundu lake, kilele kinaoza, na mti unakufa kutoka kichwani. Kisha uliwaambia lile ambalo wazazi wao hawakulijua, kwamba jike anataga ndani ya gogo lililooza, kwa hiyo kila mnazi uliokufa ukaachwa unawazalia majirani zake kifo. Ulikuwa umekunja ncha za spoki za baiskeli zikawa ndoana, ukaonyesha jinsi ya kumvuta chonga tunduni kabla hajafika moyoni. Nusu ya Msambweni walikuwa na spoki zako. Nilikutania kwamba baiskeli za wateja wako zitabaki na rimu tupu.

Ulichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nikuheshimu kama mtu, si kama mjomba tu. Ulidandia lori la mkaa ukaenda Samburu, kwa yule diwani ambaye hajawahi kumiliki hata kifuu. Ulikaa kwake siku mbili. Uliona wanawake wanavyogombea tope na ng'ombe. Uliporudi ulisema maji ndiyo ya kwanza, minazi ya pili, na nikakucheka: nani anakwenda kutafuta kura akarudi ameitoa nafasi yake? Lakini barazani ulisimama ukasema hivyo hivyo, kisha ukamgeukia yule bwana ukamwuliza, "Ng'ombe wako akifa kwa maradhi, unamwacha bomani alale na walio hai? Sisi ndivyo tunavyofanya na minazi." Akapiga meza kwa kiganja. Orodha ikapangwa upya siku ile ile: maji kwanza, minazi pili, viti mwisho. Wanafunzi wangu waliigeuza wimbo wa kurukia kamba.

Sasa nifike kwenye kosa. Nasema letu, ingawa ulikataa kulichangia na mtu.

Tuliichukua ile kanuni kutoka katika karatasi za zamani za mashamba makubwa, yale ambayo mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichoota juu yake. Tukaandika kwamba mwenye ardhi atakata minazi yote iliyokufa ndani ya siku thelathini, asipokata atashtakiwa. Tukaisoma mara tatu tukaona imenyooka, na baraza likaipitisha. Wewe Mdigo, mimi Mdigo, tumelelewa kwa minazi ya Bibi iliyosimama kwenye ardhi ya watu wengine, na hakuna aliyeshtuka! Tulipoanza kuandika kiserikali tulijisahau kabisa.

Kwetu ardhi ni ya huyu na mnazi ni wa yule, na kinachomjulisha mwenye mnazi ni huo mnazi wenyewe. Ukifa, gogo lake linabaki kuwa shahidi. Unapanda mwingine ubavuni mwake na haki yako inaendelea. Gogo likiondoka, nawe huna chako pale. Ndiyo maana watu waliyaacha magogo yasimame miaka nenda miaka rudi, wakaitwa wavivu na kila bwana shamba aliyepita na kofia yake. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza kwa nini. Na sisi ambao hatukuhitaji kuuliza, tulisahau.

Bwana Rashidi, jirani yetu ambaye minazi saba ya Mama, aliyoachiwa na Bibi, iko kwenye ardhi yake, si mtu mbaya. Ni mwoga wa karatasi tu. Aliposikia siku thelathini, siku ya tatu alikuwa na shoka mkononi. Aliukata mmoja uliokufa, kisha kwa hofu akaukata na mwingine uliokuwa na makuti mawili tu ya manjano na madafu bado yananing'inia. Mama alikisikia kishindo akiwa jikoni. Alitoka bila viatu. Alitandika mkeka chini ya mitano iliyobaki, akakaa, na kwa siku mbili hakuondoka pale ila kwa sala.

Dada yako mkubwa, aliyekubeba mgongoni. Ulipofika hakukutazama. Aliniambia mimi, kana kwamba wewe hukuwapo, "Mwambie mjombako kanuni yake imeshakula miwili."

Niliona uso wako, Mjomba. Sijawahi kukuona hivyo, hata siku ya kumzika Bibi.

Mtu mwingine angetafuta wa kumtwika. Ungeweza kusema mpwa wangu aliandika vibaya, na watu wangeamini, maana hati ilikuwa yangu. Wiki iliyofuata ulipanda Kwale ukaomba kanuni yako mwenyewe ifutwe. "Kosa ni langu," ulisema. "Nimeandika sheria ya watu wengine nikaileta kwetu." Walikucheka. Diwani wa Tiwi alikuuliza kama utawarudishia na muda wao. Ukawaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe, kisha ukaomba miezi miwili ya kuandika nyingine, wakakupa. Nimesoma vitabu vingi kuliko wewe uliyeachia darasa la nne, na nimewasikiliza wakubwa wengi tangu tupate uhuru wetu, lakini sijaona mwenye cheo aliyesimama bila kusukumwa akasema kosa ni langu. Wa pili bado namtafuta.

Ndipo likaja daftari. Lile kubwa la jalada jeusi, ulilolifunga kwa mpira wa ndani wa tairi nyuma ya baiskeli. Kila gogo lilipata mstari wake: mwenye mnazi, mwenye ardhi, na mashahidi wawili wasiotoka nyumba ya mwenye mnazi, wote watie kidole. Gogo likishaandikwa halina kazi tena ya kuwa shahidi, linaweza kukatwa. Ulipita Diani, ukapita Tiwi, ukarudi huku, mti kwa mti, jua la mchana likikupiga utosini. Wale waliokuwa wanakukimbia wakaanza kukuita uvuke ua uje uandike. Nilikuwa nikikuona ukirudi na nguo zimejaa mavumbi na najisikia fahari mpaka natamani kumwambia mpita njia, huyo ni mjomba wangu, ndugu yake mama yangu wa tumbo moja.

Halafu zamu ya Mama ikafika, na hapo tukaharibikiwa.

Kati ya ile mitano yake mingine ilikuwa nayo imekwisha kufa, na Mama alihitaji mashahidi wawili. Bwana Rashidi alikuwa mmoja, amejuta, yuko tayari kutia kidole hata viwili. Wa pili tulidhani ni wewe, maana wengine wote waliomjua Bibi na minazi yake walikwisha kufa. Ukakataa. "Kanuni inasema asiwe wa nyumba moja. Nikiipinda kwa dada yangu, kesho kila mtu ataleta dada yake." Mama akasema, basi mimi simo katika daftari lenu, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Ungesikia afueni kama angepiga.

Habari ikatembea. Dada wa diwani hamo! Waliokwisha kutia vidole wakaja kuuliza kama majina yanaweza kufutwa. Kanuni nzima, ya pwani yote, ikawa inaning'inia kwenye minazi mitano ya mwanamke mmoja aliyenuna, na kila mtu alijua, nawe ulijua kuliko wote. Neno lako moja lingemaliza. Hukulisema.

Nami nilikuambia neno ambalo nalijutia kila nikiamka. Nilisimama pale kwenye banda lako la baiskeli, mbele ya wateja, nikakuambia unapenda karatasi kuliko damu yako. Uliweka pampu chini, taratibu, ukafuta mikono, ukaondoka.

Ukapotea siku tatu. Ulirudi unakohoa, masika imekunyeshea njia nzima, shati limekugandia mbavuni, na nilipokuuliza unatoka wapi ukasema, "Kazini." Nikadhani umekwenda kubembeleza kura. Nilikukasirikia hata kwa hilo.

Mama alikuja na uji wa pilipili manga. Alikulisha kwa kijiko kama mtoto, akakupangusa jasho, akakusomea dua, lakini la minazi hakuna aliyelitaja, wala yeye wala wewe. Siku ya tano, asubuhi, jua limeshapanda. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yako. Ilikuwa bado...

Nimeiacha barua nikaenda kuteka maji. Sasa nimerudi.

Siku ya tisa baada ya kukuzika alishuka mzee mmoja kwenye basi, mrefu, kavaa koti la kaki lililochakaa mabegani. Akauliza nyumba ya fundi baiskeli. Nilimwonyesha, nikamwambia fundi mwenyewe hatunaye. Akakaa chini pale pale barabarani, na watu wakadhani amezidiwa na safari. Akasema anaitwa Mzee Nyawa. Akasema yeye ni Mduruma wa kule juu, ni mlinzi wa reli Mackinnon Road, lakini zamani alikuwa mkwezi huku kwetu, na minazi ya Bibi yote aliikwea yeye, miaka mingi, wewe na Mama mkiwa wadogo mnaokota nazi chini.

Ulikwenda Mackinnon Road, Mjomba. Ulikwenda mpaka kule kumtafutia Mama shahidi, hukutuambia, kwa sababu hukujua kama yuko hai na hukutaka kumpa dada yako tumaini la bure. Mzee Nyawa anasema ulimkuta zamuni, akakuambia hawezi kuondoka mpaka apewe ruhusa, na ulikaa nje ya kibanda chake mvuani mpaka akakuahidi. Kisha akaongeza jambo jingine. "Hakuniomba nije niseme minazi ni ya dada yake. Aliniomba nije niseme ninachokijua, hata kikiwa kibaya kwao."

Tulimpeleka shambani, Bwana Rashidi na karani wa baraza wakiwapo. Mzee Nyawa anatumia mkono wa kushoto. Vidato alivyovikata kwa panga ili akwelee vinaelekea upande ambao si wa wakwezi wengine, nasi tumeishi na minazi ile maisha yetu yote tusivione. Alivigusa kimoja kimoja. Aliulizia hadi mmoja wa ile iliyokatwa, akasema ule ulikuwa na mchwa shinani tangu zamani, na Bwana Rashidi akainamisha kichwa. "Minazi hii nimeikwea siku nyingi kuliko nilizolala kitandani kwangu," alisema, "na niliyemkabidhi nazi ni mama yao hawa, hakuna mwingine."

Mama alisikiliza kasimama. Alikuwa hajalia tangu ufe, watu wameanza hata kusema. Ilipotajwa Mackinnon Road alijifunika leso usoni, na alichotoa hakikuwa kilio cha msiba. Kilikuwa cha mtu aliyekulisha uji siku tano bila kukuuliza homa umeitoa wapi. Alitia kidole akiwa bado analia, wino ukamchafua mpaka shavuni.

Jumanne tulipanda Kwale pamoja. Yule diwani wa Tiwi hakukuacha hata ukiwa kaburini. Alisimama akasema, "Dada yake mwenyewe alikataa, sisi tukubali kwa lipi?" Wananchi hawaruhusiwi kusema, unajua. Mama akainuka kwenye benchi. "Mimi ndiye huyo dada. Nimo." Mwenyekiti akamwambia akae, akakaa, keshasema. Kisha diwani wa Samburu akaomba nafasi. Alisema lambo lao limejaa, na aliyelipigania liwe la kwanza hakuwa na ng'ombe hata mmoja. "Mimi sina mnazi," akasema. "Nanyoosha mkono." Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na wa Tiwi alitazama dari mpaka mwisho.

Viti bado. Wanakaa kwenye mabenchi yale yale wanajikuna.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekuwa shwari. Kuna watu Diani bado wanaficha magogo nyuma ya vichaka, na kuna wageni wameanza kuulizia viwanja vya kando ya bahari ambavyo minazi yake ni ya watu wengine. Watu watajaribu kulipindisha daftari lako. Baraza limenikabidhi mimi nilitunze mpaka wapate mtu, na kwa ninavyowajua, hawatapata mtu. Basi nakuahidi: hakuna jina litakaloingia mle bila mashahidi wawili wa nje ya nyumba, awe tajiri, awe diwani, niwe mimi. Na pale nitakapokosea nitapanda Kwale niseme kosa ni langu. Nitatetemeka, lakini nitasema.

Nisamehe lile neno la bandani. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa sijui kitu. Ulikwenda kuitafutia damu yako shahidi, kwa miguu na kwa malori, na mimi nakuita mpenda karatasi. Nakupenda, Mjomba. Sikukuambia ukiwa hai kwa kuwa kwetu hatusemi hivyo. Mola akupe nafasi pana huko uliko, na akuitikie wewe salamu zako kwa urefu kama ulivyotuitikia sisi.

Mpwa wako,
Mwanamisi

Nilikuwa nimeshaweka jina, Mama akaniambia bado. Amekaa hapa kando yangu, anataka nikuandikie ya jana. Jana asubuhi walikuja watu wa mashoka, na Mama alitaka magogo yake yawe ya kwanza kukatwa pwani nzima. Alilichukua shoka kwa mmoja wao, akapiga pigo moja, gome likaruka, kisha akawaachia. Gogo lilipopasuliwa, ndani mabuu ya chonga yalikuwa tele, meupe, yamenona kama vidole vya mtoto. Aliyatazama muda mrefu, akaomba kibiriti akawasha mwenyewe, akasimama pale mpaka pakabaki majivu. Sasa ananiambia niandike hivi, neno kwa neno, nisiongeze langu:

"Mdogo wangu, nimekata. Lala."